Kindu: Mwanafunzi acheke, lakini asifanywe kichekesho

Hesabu ngumu hufukuza watoto shuleni. Minervali hufukuza wengi zaidi. Lakini kuna kitu kingine kinachowafukuza kimya kimya, na wazazi wa Kindu hawakiongelei sana: kicheko cha wenzao. Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huo mara nyingi ni kicheko hicho hicho, mradi kiwe mikononi mwa mtoto mwenyewe.

Chukua mfano wa mtoto anayetoka Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Amevuka kwa mtumbwi, amechelewa, na suruali yake ya buluu imelowa mpaka magotini. Darasa zima linamtazama. Mwalimu anamuuliza kwa Kifaransa kwa nini amechelewa, na sentensi inakataa kutoka. Basi anajibu kwa Kiswahili: « Samahani mwalimu, Kifaransa changu kimebaki ng'ambo, kinangojea mtumbwi. » Darasa linacheka, mwalimu naye anacheka, mtoto anaenda kukaa.

Jibu hilo halikukausha suruali, wala halikumfundisha Kifaransa. Lakini limefanya kazi moja kubwa. Wenzake walikuwa tayari kumcheka. Sasa wamecheka pamoja naye. Kesho hatakuwa na haya ya kurudi.

Miaka yenye haya nyingi

Mtoto anamaliza shule ya msingi akiwa mkubwa wa shule, kisha anaingia darasa la 7 akiwa mdogo kuliko wote. Sauti inavunjika katikati ya wimbo wa taifa. Miguu inarefuka kuliko suruali, na baba hana franka za kununua nyingine kabla ya Septemba. Msichana anaanza kuona siku zake, na sketi ya buluu inaweza kumwaibisha saa yoyote, mbele ya wavulana.

Kuna pia shida ya lugha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumike kufundishia katika shule ya msingi. Lakini sekondari ni Kifaransa, na mtoto anayechanganya « le » na « la » anaweza kubeba kosa hilo kama jina lake mwaka mzima.

Tena, tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, watoto waliokuwa wameacha shule walirudi. Ni jambo jema sana. Ila kijana wa miaka 15 anayekaa benchi moja na mtoto wa miaka 10 anajua uchungu wa kuitwa « papa » kila asubuhi.

Wakongomani wanajua dawa hii

Kuchekea shida si jambo geni nchini. Ni Wakongomani waliotunga « kifungu cha 15 », sheria ambayo hakuna bunge lililoipiga kura, inayosema tu: jitafutie mwenyewe. Watu wazima huitaja wanapokosa mshahara, umeme au barabara, wanacheka, kisha wanaendelea na kazi. Mtoto anayefanyia mzaha suruali yake fupi anafanya kile alichoona nyumbani.

Mfano wa mbali ni Trevor Noah wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1984 na mama mweusi na baba mzungu, wakati sheria ya ubaguzi ilikataza uhusiano kama huo. Katika kitabu chake « Born a Crime », cha mwaka 2016, anaeleza kwamba shuleni hakuwa wa kundi lolote. Aliingia kwa kila kundi kwa kujua lugha zao na kuwachekesha. Leo ni mchekeshaji anayejulikana duniani. Si kila mtoto wa Kasuku au Mikelenge atafika huko, na hakuna haja. Inatosha afike darasa la 8.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha

Wahenga walionya, na walikuwa na haki. Kuna kicheko kinachomsimamisha mtu na kuna kinachomwangusha, na njia ya kuvitofautisha si ngumu: tazama nani ameanzisha na nani anaumia. Mvulana akisema mwenyewe kwamba suruali yake « inaogopa matope », huo ni mzaha. Wenzake ishirini wakimwimbia hivyo kila rekreasio, huo ni ukatili, hata kama naye anatabasamu.

Kuna pia mtoto anayechekesha kila saa kwa sababu ana jambo la kuficha: njaa, fimbo za nyumbani, au barua ya minervali ambayo hajampa baba. Mwalimu mwerevu hucheka, halafu baada ya masomo humwita pembeni na kumuuliza taratibu.

Hapa watu wazima nao wajiulize. Wapo walimu wanaoogopa kwamba utani utaharibu nidhamu, lakini hao hao husoma alama mbaya kwa sauti na kutia neno ili darasa licheke. Siku ya proklamasio, mbele ya wazazi wote, asilimia ndogo ya mtoto huwa burudani ya uwanja mzima. Mwalimu ana cheo, mtoto hana. Mzaha wa mwenye cheo juu ya asiye na cheo haujibiwi, hubaki moyoni.

Hasara yake inaonekana nje ya shule. Katika Maniema, mvulana aliyechoka kuchekwa ana pa kwenda: machimbo ya Kailo na Kalima hayamuulizi mtu Kifaransa. Msichana aliyekimbia kwa sababu ya doa kwenye sketi anaweza kutafutiwa mume kabla hajatafutiwa shule nyingine. Kicheko cha dakika mbili kinaweza kugharimu maisha mazima.

Mambo ya kufanya hayahitaji pesa ya serikali. Mwalimu ajicheke yeye kwanza anapokosea ubaoni. Wanafunzi wataona kwamba kosa si msiba. Prefe akataze majina ya kudhalilisha, ila asikataze furaha. Mama amweleze binti yake mapema, na amtilie kitenge kwenye mfuko wa shule. Baba amsimulie mwanawe aibu aliyopata alipokuwa na miaka 14, wacheke wote wawili wakati wa chakula cha jioni. Mtoto aliyesikia kwamba baba yake naye aliwahi kulowa suruali atavuka Lualaba kesho asubuhi, na kama maji yatamrukia tena, atajua la kusema.