Jua Hupimwa Lipokewapo

Wako watu wasemao kwamba jua ni jua, na wati ni wati. Eti mtu akitaka kujua gari lenye paneli za jua litapata umeme kiasi gani, na asome kibandiko tu. Msomaji, usiyakubali maneno hayo.

Wati za kibandikoni hupimwa katika chumba cha majaribio: paneli ni bapa, joto la seli ni nyuzi 25, na mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba huiangukia wima. Lakini paa la gari limebenuka, boneti imeinama, na milango imesimama. Je, ni haki kukipimia kitu cha mviringo kwa kipimo cha bapa?

Twaa chungwa, ulikate nusu, ulilaze kifudifudi juani, jua likiwa utosini. Hesabu ya shule yakwambia kuwa eneo la ganda lile ni mara mbili ya eneo la kivuli chake. Basi ganda zima hupokea mwanga ule tu ambao ungaliangukia kivuli. Yaani, kwa wastani, kila sehemu hupata nusu.

Wala hasara haiishii hapo. Seli huungwa moja baada ya nyingine, kama wapagazi waliofungwa kamba moja: aliye dhaifu huwachelewesha wote, isipokuwa fundi amemwekea njia ya kando.

Watanijibu: "Paa hubenuka kidogo tu." Kweli, na hasara ya paa ni ndogo kuliko ya chungwa. Lakini Sion, gari la Kijerumani ambalo mradi wake uliachwa mwaka 2023, lilibuniwa likiwa na seli hata milangoni. Hapa Kenya, jua la adhuhuri lipitapo karibu na utosi, mlango utapata nini?

Kwa hiyo wauzaji na wabandike vipimo vidogo vya mwanga paani, ubavuni na nyuma. Waliendeshe gari katika barabara zenye miti na majumba. Kisha watuambie umeme upatikanao kwa siku, na mahali ulipopimiwa. Fedha ya mnunuzi ni jasho lake. Kesho mnunuzi huyo utakuwa wewe, au wewe ndiwe utakayekuwa fundi. Ukiwa mnunuzi, uliza. Ukiwa fundi, pima kwa haki.