Kibati: Kabla ya kupiga formate flashi ya mtu, tafuteni kwanza vilivyofichwa

KIBATI, Nyiragongo. Kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, vibanda vyenye bango la «Secrétariat public» haviishi wateja. Huyu analeta barua ya maombi ya kazi, yule anataka fotokopi ya karte ya uchaguzi, mwingine anatoa mfukoni flashi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na kuomba wamtolee diploma yake. Ni flashi moja tu. Nyumba aliyoiacha Rutshuru au Masisi imebomoka, au hajui iko namna gani, na karatasi zilizokuwa ndani yake hazipo tena. Kilichobaki ni zile picha za karatasi ambazo mtu mmoja mwenye akili alimshauri azi-skani kabla hali haijaharibika.

Mambo huwa hivi mara nyingi. Flashi inaingizwa kwenye mashini, inafunguka, na mahali palipokuwa na dosie sita panaonekana vialama vidogo vyenye mshale kwenye kona. Au hapaonekani kitu kabisa. Kijana wa kibanda anaangalia, anatikisa kichwa: «Mama, hii imejaa virusi. Inabidi kupiga formate.» Mama hajui formate ni nini, ila anaona nyuma yake kuna foleni, anakubali. Dakika moja, flashi ni safi. Ni safi kweli, kwa sababu diploma ya mtoto, cheti cha kuzaliwa na karatasi za shamba vimefutwa pamoja na virusi.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika, na si virusi vilivyolifanya.

Virusi vya aina hiyo, vinavyogeuza dosie kuwa «raccourci», kwa kawaida havifuti kitu. Vinaficha. Dosie za kweli ziko palepale ndani ya flashi, zimepewa tu alama ya kufichwa, na mara nyingine zimesukumwa ndani ya dosie isiyo na jina. Kinachoonekana kwa jicho ni mlango wa bandia: ukibofywa, unafungua dosie ya kweli ili mwenyewe asishtuke, na wakati huohuo unaamsha programu mbaya ambayo inahamia kwenye kompyuta. Kuanzia hapo kila flashi itakayoingia kwenye kompyuta ile itatoka na ugonjwa. Kwa hiyo mama wa Kibati hakuleta virusi kutoka kijijini. Kuna uwezekano mkubwa alivichukua kibandani, wiki iliyopita, akalipia na fotokopi juu yake.

Ujanja huu una historia, na historia hiyo inagusana na Kibati kwa njia ya ajabu. Mwisho wa mwaka 2008, wakati makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamejaa hapa wakikimbia mapigano ya CNDP na jeshi, huko ulimwenguni kulikuwa kunaenea kirusi kilichoitwa Conficker. Moja ya njia zake ilikuwa flashi. Siku hizo Windows ilikuwa inaweza kufungua yenyewe programu iliyo ndani ya flashi mara tu inapochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ikaziba tundu hilo hata kwenye mashini za zamani. Watengenezaji wa virusi hawakulia. Waliona kwamba kama mashini haifungui yenyewe, basi mtu ataifungua. Ndiyo maana ule mshale mdogo upo: unangoja mkono wa mwenye flashi.

Wala isifikiriwe kwamba haya ni mambo ya Kibati peke yake kwa sababu ya umaskini. Mwaka 2023 wachunguzi wa Mandiant, kampuni iliyo chini ya Google, walieleza jinsi mashirika yasiyopungua 29 yalivyoingiliwa na wapelelezi wa mtandaoni kupitia flashi, kwa programu inayoitwa Sogu iliyokuwa imeshapita miaka kumi. Mengi yaliambukizwa kupitia ofisi zao za Afrika: Misri, Zimbabwe, Tanzania, Kenya, Ghana, Madagaska. Na kati ya mahali palipotajwa kuwa pa kuambukizana palikuwa nyumba za fotokopi na za intaneti. Wakubwa wenye ofisi za vioo waliugulia palepale ambapo mkulima wa Kibumba anatolea barua yake.

Sasa dawa. Haihitaji fundi wa kutoka Birere wala dola kumi.

Jambo la kwanza ni kutobofya ule mshale na kutokubali formate. La pili ni kuangalia flashi kwa telefoni. Kuna kile kiunganishi kidogo cha OTG kinachouzwa pamoja na chaja na ekuta. Kinaingizwa kwenye telefoni ya Android, flashi inachomekwa nyuma yake, na mara nyingi dosie zilizofichwa zinaonekana zote bila shida, maana virusi vya Windows havina nguvu ndani ya Android, na ile alama ya kuficha telefoni haiijali. Karatasi za lazima zinakopiwa kwenye telefoni hapohapo. Huo ndio uokoaji wenyewe. Yanayobaki ni usafi.

Kwa mwenye kibanda, kazi inaanza kwa mashini yake, si kwa flashi ya mteja. Ukisafisha flashi kwenye mashini mgonjwa, itachafuka kabla haijatolewa. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, ya bure, na ina uchunguzi unaofanyika kabla Windows haijaamka, ule unaoitwa «hors ligne», ambao unavikamata hata vile vinavyojificha wakati mashini inafanya kazi. Kama mega ni shida, faili ya kuiongezea Defender maarifa mapya inaweza kushushwa mara moja kutoka Microsoft na kupitishwa kwa majirani, kibanda hadi kibanda, kwa flashi iliyo safi. Mashini ikishapona, flashi ya mteja inachunguzwa, kisha linafunguliwa dirisha jeusi la «cmd» na kuandikwa hivi, E ikiwa herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Inachukua muda mfupi. Dosie zinarudi kuonekana. Vialama vyenye mshale vinafutwa, pamoja na faili ngeni zinazoishia kwa .vbs, .js au .exe ambazo mwenye flashi hazijui. Inafaa pia Windows iamriwe kuonyesha mikia ya majina ya faili, maana kuna «CV» nyingi zenye sura ya dosie ambazo kumbe jina lake kamili ni CV.exe.

Na yule ambaye flashi yake imeshapigwa formate? Asiandike kitu kingine juu yake. Formate ya haraka inafuta orodha ya faili. Faili zenyewe zinabaki mpaka zifunikwe na nyingine. Programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, inaweza kuzirudisha nyingi, ingawa majina yake yanapotea na mtu atakaa saa nzima akifungua moja moja kutafuta diploma.

Wenye vibanda wana maneno yao pia, na ni haki yasikiwe. Stimu inakatika. Leseni ya Windows ni bei inayokaribia au kupita ya mashini yenyewe iliyonunuliwa mitumba. Ndiyo maana wengi wanatumia Windows ya kuvunjwa, na kifaa cha kuivunjia kinaanza kwa kumwambia mtu azime antivirusi. Mwizi anayekuomba umfunge mbwa wako kwanza, je, anakuja kukusalimia? Wengine wanaogopa, halafu wanaweka antivirusi tatu kwa pamoja. Zinagombana zenyewe, mashini inakuwa mzito, mteja anangoja, na virusi vimekaa kimya. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitengenezea Windows 10 ya kawaida viraka vya usalama bila kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, na mashini nyingi za hapa haziwezi kupokea Windows 11. Shida hizo ni za kweli. Lakini hakuna hata moja inayomlazimisha mtu kufuta karatasi za mwenzake bila kumwambia maana ya neno formate. Anayepokea franka kwa kila ukurasa anapashwa kujua kazi yake, kama vile muuza nyama anavyopashwa kunawa mikono.

Kuna uchafu mwingine ambao hauji kwa flashi. Ni ile ukurasa nyekundu inayojaza kioo chote, inapiga kengele, inasema mashini ina virusi vitano na kutoa namba ya kupiga mara moja. Hakuna kampuni ya kweli inayoandika namba yake ya telefoni ndani ya onyo la virusi. Dirisha linafungwa kwa Alt na F4. Likikataa, Ctrl, Alt na Delete, programu ya intaneti inasimamishwa, basi. Yale matangazo ya kamari na ya picha chafu yanayoruka pembeni hata mtu akiwa anaandika barua, kwa kawaida chanzo chake ni kwamba siku moja mtu alibofya «Autoriser» kwenye ukurasa fulani. Yanaondolewa katika mipangilio ya programu ya intaneti, upande wa «Notifications», na programu zisizojulikana zinatolewa kwa «Désinstaller». Si uchawi.

Kwa waliokimbia vita, hatari kubwa imeshika njia ya telefoni na matumaini. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, pesa ya kila nyumba ilihamia kwenye telefoni, na wezi wakahama nayo. Februari 2025 watu walipoondolewa kambini, Kanyaruchinya na kwingineko, familia zilitawanyika. Tangu hapo kila ujumbe wa WhatsApp wenye maneno «orodha ya wanaopewa msaada» unapita mkono kwa mkono kama habari ya msiba. Unabofywa. Unaomba jina, namba, halafu namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, au dola chache za «dosie». Au unasema: weka kwanza aplikesheni hii.

Misaada ya HCR haiuzwi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayadai pesa kwa kazi, si ya fomu, si ya mazungumzo, si ya mafunzo. Anayedai hata franka mia tano si wao, awe amevaa jile au amevaa suti. Na namba ya siri haiombwi na kampuni ya simu wala na wakala wake. Aliyekwisha kuitoa aibadilishe saa hiyohiyo, kabla ya kwenda kulalamika. Kwa aplikesheni, zile zinazofika kama faili ndani ya WhatsApp badala ya kutoka Play Store ziachwe. WhatsApp za rangirangi, zile za GB, ziko kwenye kundi hilo.

Jambo moja dogo linasahauliwa. Wengi wameanza kutumia WhatsApp kwenye mashini ya kibanda ili kutoa karatasi bila flashi. Ni wazo zuri. Ila mtu akiondoka bila kufunga, mazungumzo yake yote yanabaki wazi kwa anayekuja nyuma, na katika nyakati hizi mazungumzo yanaweza kumletea mtu matatizo kuliko virusi. Ndani ya telefoni, kwenye «Appareils connectés», kila mashini iliyounganishwa inaonekana, na inakatwa kwa kubonyeza mara moja.

Wanaotangaza kazi na misaada nao wana sehemu yao. Shirika likidai maombi yaje kwa intaneti peke yake, kwa PDF, katika eneo ambalo watu kumi wanategemea mashini moja ya kibanda, linawasukuma watu kwenye mashini ileile yenye ugonjwa, halafu linashangaa kupokea faili tupu. Barua ya mkono ipokelewe. Tangazo la kweli libandikwe kwa chefu wa groupement na kwenye kituo cha afya, likiwa na anwani kamili, ili mtu awe na kitu cha kulinganisha na kile kilichofika kwa telefoni yake usiku.

Na kwenye kila kibanda cha barabara hii, karatasi moja ukutani ingetosha kwa kuanza, ile yenye mstari wa attrib, na chini yake kwa herufi kubwa: hapa hatupigi formate kabla mwenyewe hajaona vilivyomo.