Majivu katika Mji wa Tausi

Wanafunzi wangu wamekwisha kuniuliza mara nyingi nilikuwa wapi mwezi wa Februari wa mwaka 2023, nami nimewajibu kwa ufupi tu, "Uhindini, kumpeleka mgonjwa." Mengine niliyaweka moyoni, maana sikujua niyaeleze kwa namna gani. Leo nitajaribu.

Mgonjwa alikuwa binti wa dada yangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mmoja wa milango midogo ya moyo wake haukufunga sawasawa. Waganga walitueleza ya kuwa ugonjwa huo mara nyingi huanza na koo la mtoto lisilotibiwa. Kisha huja homa na maumivu ya viungo, kisha moyo huharibika polepole pasipo mtu kujua. (Kina mama, nawasihi, msilidharau koo la mtoto.) Basi ukoo ulikutana, ng'ombe wakauzwa, na shamba moja la kahawa likawekwa rehani. Tukatoka Idjwi kwa mashua mpaka Bukavu, tukavuka Ruzizi, tukapita msitu wa Nyungwe mpaka Kigali, na huko tukapanda ndege ya kwenda Addis Ababa, kisha nyingine mpaka Chennai, mji ulioitwa Madras hata mwaka 1996. Wala msidhani tulikuwa peke yetu. Katika ukumbi wa kungojea hospitalini Kiswahili kilisikika kila upande, cha Dar es Salaam, cha Mombasa, cha Lubumbashi, kila mtu na bahasha yake ya picha za kifua kwapani.

Waganga walisema mtoto angoje siku kumi apate nguvu. Tukapanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu wa dini ya Kihindu, katika mtaa wa Mylapore.

Mylapore leo ni mtaa wa Chennai, lakini ulikuwa mji kabla Chennai haijakuwako. Waingereza walipokuwa wakijenga ngome yao karibu na hapo, mnamo mwaka 1640, Mylapore ilikuwa imekwisha kuzeeka. Jina lake hufasiriwa kuwa mji wa tausi. Wahindu husimulia ya kuwa Parvati, mke wa mungu wao Shiva, aligeuzwa tausi, akamwabudu mumewe hapo chini ya mti mpaka akarudishiwa sura yake. Hekalu lao kubwa, Kapaleeshwarar, ni la Shiva huyo, na watu hutoka mbali sana kulizuru.

Lakini sisi Wakristo tuna habari nyingine za mahali papo hapo. Mapokeo ya kale yasema Mtume Toma alifika Uhindini mwaka 52, akauawa mwaka 72 juu ya kilima kisicho mbali, akazikwa Mylapore. Wareno walijenga kanisa juu ya kaburi lake mwaka 1523. Lililopo sasa, jeupe, lenye mnara mrefu uliochongoka, lilijengwa zamani za Waingereza, likamalizika mwaka 1896, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alisali humo mwaka 1986. Haya nilikuwa nimeyasoma seminarini, na sikuwaza hata siku moja ya kuwa miguu yangu ingenifikisha.

Tarehe 22 ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilikwenda Misa, nikapakwa majivu, kisha nikashuka katika kikanisa cha chini penye kaburi la Mtume, nikapiga magoti. Nawaambia kweli, sikuweza kusali. Mtoto alikuwa apasuliwe siku ya Ijumaa, nami badala ya kuhesabu punje za rozari nilikuwa nahesabu gharama ya kurudisha maiti Idjwi. Nilimkumbuka Toma aliyetaka kwanza kutia kidole chake katika majeraha, nikaona huyu ni mwenzangu.

Nilipotoka nilimkuta mama mwenye nyumba ananingoja langoni. Alitazama kipaji cha uso wangu, akacheka, akaonyesha cha kwake. Naye alikuwa na majivu! Wamchao Shiva hujipaka majivu kila siku, mistari mitatu ya kulala, kukumbuka ya kuwa mwili utaishia huko. Akaniita "thambi", ndiyo kusema mdogo wangu, akanipa ishara nimfuate. Asubuhi ile alikuwa ameniomba nimwandikie jina la mtoto katika kipande cha karatasi, nami nikaliandika pasipo kuuliza sababu.

Tulitembea kama dakika ishirini. Njia za kuzunguka hekalu zimejaa wauza mashada ya asmini, nazi, ndizi, taa za shaba, na wauza kahawa ambao huimimina kutoka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka itoe povu. (Mtu wa Idjwi hawezi kupita hapo pasipo kuonja. Ni nzuri, ingawa maziwa yamezidi.) Kisha mnara wa lango ukatokea juu ya mapaa. Urefu wake ni kama mita 37, nao hupungua ngazi kwa ngazi kwenda juu, na kila ngazi imejaa sanamu zilizopakwa rangi, buluu, nyekundu, kijani, miungu na wake zao na wanyama wao, hata jicho halijui lipumzike wapi. Kwetu kanisa lina mabati na msalaba mmoja.

Nikasimama na viatu mkononi. Tangu utoto nilifundishwa amri ya kwanza, nami naifundisha. Najua pia ya kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, uliutaja Uhindu kwa jina na kutamka ya kuwa Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Lakini karatasi ni karatasi, na kizingiti ni kizingiti. Mwisho nikajiambia, mgeni akikaribishwa nyumbani huingia, wala kuingia si kuabudu. Ndani wasio Wahindu hawaruhusiwi kufika patakatifu penyewe. Nilifurahi, maana amri yao iliniondolea shaka yangu.

Mama akaenda peke yake na maua na ile karatasi. Nilisikia kengele, nikanusa kafuri ikiungua, nikaona midomo yake ikilitaja jina la mtoto wetu, jina la ubatizo, kwa shida, silabi moja moja.

Aliporudi alinipeleka penye kibanda kidogo kilicho uani, akanieleza kwa Kiingereza chake kichache habari za binti aitwaye Poompavai. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Mylapore, akaumwa na nyoka alipokuwa akichuma maua, akafa. Baba yake aliyaweka majivu yake katika chungu miaka mingi. Kisha akaja mtakatifu wao Sambandar, mtunga nyimbo wa karne ya 7, akaimba mbele ya chungu, na binti akatoka mzima. Mama alipomaliza hakuongeza neno. Nami sikumwambia habari za binti Yairo, ingawa zilinijia mdomoni. Kwa nini nilinyamaza? Hata leo najilaumu.

Nyuma ya hekalu, upande wa magharibi, pana birika kubwa la maji lenye ngazi za mawe. Hapo tulimkuta mzee aliyekuwa mwalimu kama mimi. Aliposikia nimetoka kaburini kwa Toma, akaniambia ya kuwa hekalu la kwanza halikuwa hapa. Lilikuwa ufuoni, na nyimbo za zamani zataja mawimbi yaliyolifikia. Wareno walipoutwaa mji katika karne ya 16 hekalu lilivunjwa, na watu wakajenga jingine huku ndani. Mawe yenye maandishi ya hekalu la kale yalionekana baadaye katika uwanja wa kanisa. Wanahistoria wengi wasema vivyo hivyo. Mzee alisema pasipo hasira, kama mtu amwelekezaye mgeni njia, akaongeza ya kuwa yasemekana uwanja wa birika ulitolewa na mtawala Mwislamu wa Arcot.

Nilikaa juu ya ngazi muda mrefu. Nilimkumbuka babu yangu. Alipobatizwa aliambiwa avunje vibanda vya Lyangombe nyuma ya nyumba, naye akavivunja mwenyewe kwa mikono yake. Alikuwa Mkristo imara, hakukosa Misa. Lakini mpaka siku ya kufa hakulima kamwe mahali pale, wala hakutuambia sababu, nasi watoto tuliruka tu tukipita. Simsemi mtu. Nasema nilivyowaza nikitazama maji.

Jioni ile niliweza kusali.

Ijumaa mtoto aliingia katika chumba cha kupasulia saa mbili za asubuhi, akatoka saa saba. Dada yangu alikuwa na rozari mlangoni, na mjane kando yake na shada la asmini, wasijue lugha moja ya kusemezana. Siku ya pili mtoto akaomba uji. Tulirudi Idjwi baada ya majuma matano. Kila baada ya majuma manne huchomwa sindano ya kulinda moyo, na sasa anapanda kilima cha shule pasipo kupumzika.

Nilimweleza padre wetu yote, nikitazamia maswali magumu. Akauliza kwanza habari za mtoto, kisha jina la yule mama, ili amtaje katika Misa. Nikamwandikia katika kipande cha karatasi, naye akalisoma kwa shida, silabi moja moja.