Nusu Saa ya Mtalii, Siku Nzima ya Mkazi wa Tarime

Ndugu zangu, kuna jambo linanikera na leo nalitoa.

Kila ukizuka mjadala wa kufungua mpaka wa Bologonja, pale Serengeti inapopakana na Maasai Mara, lazima atokee mtu na mahesabu ya angani. Anachukua viwanja viwili, Keekorok upande wa Kenya na Seronera upande wetu, kompyuta inamchorea mstari: kama kilomita 110. Ndege ndogo ya Cessna Caravan inakwenda kama kilomita 300 kwa saa. Ukigawanya unapata dakika 22. Ongeza za kupaa na kutua, haizidi nusu saa sana. Kisha anauliza kwa uchungu: kwa nini mtalii apoteze nusu siku?

Mahesabu hayana kosa. Hoja ndiyo mbovu.

Ule mstari haujui mipaka. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Ulipofunguliwa 1983, njia ya watalii ya Bologonja ilibaki imefungwa. Ndiyo maana mtalii anatua Migori, anapanda gari hadi Isebania, anagongewa mihuri, anavuka Sirari na kuja Tarime kupanda ndege nyingine ya Serengeti. Muda wake unaliwa na gari na mihuri, siyo na kilomita. Anayetaka kuupunguza aanzie kwenye dirisha la uhamiaji.

Sasa nionyesheni aliyewahi kumpigia mahesabu hayo mkazi wa Tarime. Kutoka hapa hadi Arusha, angani ni kama kilomita 335. Kwa ndege ileile, saa moja na dakika chache. Lakini mwenzetu hana nauli ya ndege, ana nauli ya basi. Akipitia Mugumu na kukatiza hifadhini, kuna viingilio vya Serengeti na Ngorongoro, kana kwamba amekuja kutazama simba. Akivikwepa, azunguke Mwanza, Shinyanga, Singida na Babati. Huyo ni mwanafunzi, ni mgonjwa, ni mama mwenye mtoto mgongoni. Siku yake ikiishia barabarani, hakuna anayefungua kompyuta.

Msinielewe vibaya, siwachukii watalii. Ila hiyo nusu siku mnayoiita hasara ndiyo inayowaleta Tarime. Dereva anaweza kupata safari, muuza soda akapata mteja. Mkifungua Bologonja, watapita juu ya vichwa vyetu na sisi tutabaki kuhesabu ndege.

Mnataka tuzungumzie muda? Sawa, tuuzungumze. Lakini tuanze kuuhesabu mlangoni kwa mtu, siyo kwenye njia ya kurukia ndege. Na tuanze na mwenye nchi, mgeni afuate.

Nawakilisha.