Kilima Kisicho na Lango

Kila tunapolalamika kwamba kuta zimeziba njia zetu za kushukia baharini, hutokea msomi mwenzetu akatujibu kwamba hivyo ndivyo nchi zilizoendelea zinavyolinda mali ya mtu, na kwamba kudai kupita katika ardhi ya mwingine ni ushamba. Nimewahi kuishi katika mojawapo ya nchi hizo nikiwa mwanafunzi. Naomba, ndugu msomaji, nikusimulie habari za kilima kimoja.

Kinaitwa Bennachie, nacho kiko Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Scotland. Kilele chake mashuhuri, Mither Tap, kina urefu wa mita 518 tu. Aliyeuona Kilimanjaro atacheka. Nami nilicheka, nikakipanda kwa viatu vya mjini. Nilianza kwa jua. Kabla sijafika nusu ya njia mvua ilinipiga, jua likarudi likanikausha upande mmoja, kisha ukungu ukashuka hata nisione hatua kumi mbele yangu. Mteremko wote umefunikwa na heather, kijiti kigumu kisichofika magotini, chenye maua ya zambarau, ambacho jamaa zake huota kama miti kwenye miinuko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mizizi iliyolowa iliniangusha mara mbili. Karibu na kilele upepo ulinilazimisha kushika mawe kwa mikono. Nilipojibanza ndani ya kuta za ngome ya kale iliyoko juu, nilikuwa natweta na kutetemeka, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Hata hivyo, sikustaajabia ugumu wa njia. Nilistaajabu kwamba tangu chini hadi juu hapakuwa na askari wa kuniuliza ninakwenda wapi.

Haikuwa bahati. Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu, mwenyeji na mgeni, haki ya kupita kwa uungwana katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi ile, iwe mali ya umma au ya tajiri. Haikumnyang'anya mwenye ardhi hati yake. Nyumba na bustani yake zimelindwa, na shamba lenye mazao halikanyagwi. Alichonyimwa ni uwezo wa kuwafungia wenzake mlima.

Wala tusidhani Waskoti walizaliwa na wema huo. Chini ya kilima kile nilipita kwenye magofu ya nyumba za mawe. Katika karne ya 19 watu maskini walihamia pale, kwenye ardhi iliyokuwa ya matumizi ya wote, wakang'oa mawe na kulima. Mwaka 1859 wamiliki wakubwa wa jirani waligawana ardhi hiyo mahakamani. Wale waliolima wakageuzwa wapangaji juu ya jasho lao wenyewe, na baadaye wengine wakafukuzwa. Utulivu unaopigwa picha na watalii leo una historia hiyo chini yake.

Je, hadithi hiyo ni ngeni kwetu? Mwaka 1908, chini ya nusu karne baadaye, serikali ya kikoloni ililetea Pwani ya Kenya sheria ya hatimiliki, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Hivyo ndivyo wajukuu wa waliopanda minazi walivyogeuka maskwota. Mkoloni aliondoka, mantiki yake tukairithi, tukaipaka rangi na kuiita uwekezaji.

Mama yangu huvua pweza. Siku za bamvua, maji yakipwa, yeye na wenzake walikuwa wakishuka hadi mwambani kwa mwendo wa dakika kumi. Leo njia yao imemezwa na ukuta wa hoteli, nao huzunguka takriban saa nzima. Bahari haimngoji mtu: wakifika, muda wa kuvua umebaki mchache, na kapu hurudi jepesi. Katiba ya mwaka 2010 inatamka kwamba ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Mali gani hiyo isiyofikika ila kwa mtu kupitia mapokezi ya hoteli? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumemkaribisha mgeni, kisha tukamfungia mwenyeji nje.

Tunaambiwa wawekezaji watakimbia. Mbona hawajaikimbia Scotland? Hoteli zake zingali zinajaa, na wengi wa wageni wake huenda kwa sababu ya vilima hivyo vilivyo wazi. Njia ya futi sita kando ya ukuta haijapata kumfilisi mtu.

Kwa hiyo madai yetu yawe bayana. Njia za asili za kwenda baharini zipimwe, ziandikwe katika ramani za kaunti na kuwekewa alama, na kibali cha ujenzi kisitolewe kwa yeyote anayeziziba. Na mgombea atakayekuja Pwani kuomba kura asiulizwe amekuja na fulana ngapi. Aulizwe njia ya mama zetu iko wapi, na aonyeshe kwa kidole.