Mashine inaandika programu, lakini nani anaisoma?

Leo kijana wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi anayetengeneza programu anaweza kuomba mashine, kwa Kifaransa cha kila siku, imwandikie programu ya kulipa pesa ya shule kwa njia ya simu. Kisha dakika chache kode iko mbele yake, ni kusema ile mistari ya amri ambazo kompyuta inafuata. Anaijaribu, inatembea, anaipelekea mkubwa wa shule na kupokea malipo yake. Mistari mia tatu imeingia kazini, na pengine hakuna mtu hata mmoja aliyeisoma.

Mashine kusaidia waandishi wa programu si jambo jipya. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa Fortran, kazi ya John Backus na wenzake, iliyogeuza fomula kuwa amri za kompyuta. Wengi walikuwa na mashaka, lakini ilifaulu. Fortran ilifuata kanuni: andiko lile lile, jibu lile lile. Vyombo vya leo, kama GitHub Copilot iliyoonyeshwa mwezi wa sita 2021 na ChatGPT iliyotoka mwezi wa kumi na moja 2022, vinakisia. Vilisoma kode nyingi sana za watu wengine na vinatoa ile inayofanana na jibu. Ukiuliza mara mbili unaweza kupata majibu mawili tofauti.

Faida iko, na anayeikataa hajawahi kufanya kazi hii huku umeme unakatika na mega zinaisha. Katika jaribio moja la GitHub, watengenezaji 95 walipewa kazi moja. Waliotumia Copilot waliimaliza kwa muda mfupi zaidi, kwa karibu 55%. (Ni kweli kwamba jaribio hilo lilitoka kwa wenye kuuza chombo.) Mwanafunzi asiye na wa kumuuliza usiku anapata maelezo ya kosa lake papo hapo. Hilo si jambo dogo.

Lakini mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha New York walichunguza programu 1.689 zilizoandikwa kwa msaada wa Copilot, katika hali walizozichagua kwa sababu ya hatari zake. Karibu 40% zilikuwa na matundu ambayo mwizi anaweza kupitia. Mwaka 2025 shirika la METR lilifuatilia watengenezaji 16 wenye uzoefu mkubwa: wakitumia mashine hizi walichelewa kwa 19%, na kisha kazi bado waliamini kwamba wameharakisha kwa 20%. Kama wazoefu wanajidanganya namna hiyo, anayeanza atajuaje?

Kwa wakaaji wa mashariki jambo hili linagusa mfuko. Goma na Bukavu, benki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, na pesa ya kwenye simu ikawa tegemeo la familia nyingi. Programu iliyoandikwa kwa kukisia inaweza kukubali ujumbe wa « malipo yamefika » bila kuuliza kampuni ya simu kama ni kweli. Mjanja anatuma ujumbe wa uongo, risiti inatoka, sanduku la shule linabaki tupu. Ao kode inaweka bei bila kusema ni dola ao ni franka. Katika inchi ambamo pesa ya shule inahesabiwa kwa dola na kulipwa kwa franka, kosa hilo moja linatosha kuleta ugomvi kati ya wazazi na shule. Mashine haikuwaza hilo, kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Kuna pia sheria. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Kongo ina Code du numérique, inayolinda habari za kibinafsi za watu. Majina na nambari za wanafunzi zikivuja, mashine haitaitwa kujieleza. Ataitwa mwenye kuuza programu, pamoja na shule iliyoinunua.

Kukataza vyombo hivi katika vyuo vikuu hakutasaidia. Mwanafunzi anavyo kwenye simu yake. Kinachowezekana ni kubadilisha ginsi ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo. Jury ichague mistari ishirini ya programu ya mwanafunzi, kompyuta ifungwe, aende kwenye ubao aeleze kila mstari unafanya nini na nini itatokea ukiondolewa. Aliyesaidiwa na mashine lakini akasoma atapita. Na mkubwa wa shule, ao mwenye duka, mbele ya kutoa sehemu ya mwisho ya malipo, aombe jambo moja kwa maandishi: jina la mtu aliyesoma kode yote, na sahihi yake.