Bora injini bubu

Najua nimepotea. Mitihani ilinimeza, na baridi ya hapa Manchester inataka kukata watu masikio. Lakini leo siandiki habari za mitihani. Nataka kuandika juu ya kelele, tena kelele ya treni ndogo ya mezani. Mkicheka chekeni tu.

Wale wa siku zote mnakumbuka kwamba niliingia chama cha treni za mfano hapa chuoni, mwanzoni kwa sababu ya chai na biskuti za bure (msiniangalie hivyo, hela ya mwanafunzi mnaijua). Sasa mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu, mwanachama mwenzetu, akaleta injini yake: Garratt ya kampuni ya reli ya LMS, kipimo cha 1:76. Akaniambia, wewe unasoma umeme, nitilie sauti humu.

Kwa asiyejua: zamani ukiongeza umeme kwenye reli hizi, kila injini iliyo juu yake inakimbia. Siku hizi reli ina umeme muda wote, na amri zinapita ndani ya umeme huohuo. Umeme unageuka upande huu na ule haraka sana. Nusu ya mgeuko ikichukua mikrosekunde 58 hiyo ni moja, ikichukua 100 ni sifuri. Ndani ya injini kuna kisakiti kinaitwa dekoda, kinasoma hizo moja na sifuri, na kikiona namba yake kinatii. Dekoda ya sauti inabeba pia sauti zilizorekodiwa kwenye injini ya kweli, na kuzipiga kulingana na mwendo.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira tu. Waya nyekundu na nyeusi zinakwenda kwenye reli, ya chungwa na ya kijivu kwenye mota, nyeupe na njano ni taa, buluu ni chanya ya pamoja. Kinachoua dekoda mara nyingi ni mota kugusana na fremu, umeme wa reli unarudi kinyume na moshi unatoka. Kwa hiyo kabla ya kulehemu chochote nilipima kwa mita mara tatu. Dekoda ya sauti si ya bei ya chipsi, wenzangu!

Spika ndiyo iliyonichukua usiku mzima. Ni ndogo kama kucha ya kidole gumba, na ukiiacha wazi inalia kama nzi ndani ya chupa, maana hewa inayosukumwa nyuma inazunguka na kuifuta ile ya mbele. Lazima uifungie ndani ya kisanduku kisichovuja. Nilikata plastiki, nikaziba kwa gundi, nikaisokomeza ndani ya tangi la maji la mbele. Nikaiweka kwenye reli ya majaribio yenye umeme mdogo, nikaita namba 3, ambayo dekoda nyingi hutoka nayo kiwandani. Ikaitika! Kisha nikapunguza sauti, kwa sababu watu wengi huiacha juu kabisa na chumba kinakuwa stendi ya matatu.

Chama kizima kilipiga makofi. Nikairekodi kwa simu, nikamtumia babu yangu kule Voi.

Babu alikuwa mtu wa reli ya Afrika Mashariki. Alianza akiwa msaidizi wa dereva, anasimamia moto wa mafuta kwenye Garratt za daraja la 59, Mombasa hadi Nairobi. Zilikuwa 34, zimepewa majina ya milima yetu, na zote zilitengenezwa hapahapa Manchester, mtaa wa Gorton, kwa Beyer Peacock, mwaka 1955 na 1956. Ndio hao hao waliotengeneza za LMS. Basi nikadhani mzee atafurahi.

Akajibu kwa sauti: "Mjukuu wangu, hiyo ni injini moja. Garratt ni injini mbili."

Nikaona haya. Garratt ina bwela moja limening'inia katikati ya mashine mbili, na kila mashine ina magurudumu na silinda zake. Kila moja inapiga pumzi nne kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, lakini hazijafungwa pamoja. Kwa hiyo zinapiga kwa pamoja, halafu polepole zinaachana, mpaka unasikia nane, halafu zinarudiana tena. Babu aliiga kwa mdomo kama sekunde arobaini hivi, na kikohozi juu. Sauti niliyoiweka mimi ilikuwa ya injini nyingine ya mizigo.

Pale chamani wakasema, aa, nani atajua? Hapo ndipo tunapogombana. Yupo anayejua! Maoni yangu ni haya: bora injini bubu kuliko injini yenye sauti ya mwenzake halafu tuiite sauti halisi. Wala si udhaifu wa dekoda, zipo zinazoweza kupiga mashine mbili zinazopishana hivyo. Za LMS zilikuwa 33, ya mwisho iliondolewa kazini 1958, na zote zikakatwa vyuma chakavu. Leo huwezi kwenda na maikrofoni popote. Ukiazima sauti, sema umeazima, sina ugomvi.

Lakini sisi? Namba 5918, Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi, na miaka ya 2000 iliwahi kutembea tena. Kuna mtu ana mkanda wake kabatini. Na zile dizeli za daraja la 93 za reli ya zamani, ambazo babu anazitambua kwa honi tu akiwa kitandani, nani amezirekodi vizuri? Rafiki yangu mmoja wa Nairobi ananiambia, reli yenyewe imechoka, wewe unahangaika na honi. Sawa. Ila tunarekodi kila arusi na kila matatu inayopita na muziki, dakika tano za injini inayopanda mlima zitatushinda nini? Mwenye kitu anitumie, nasema kweli.

Sauti ile nimeifuta. Mzee wa chama alinuna kidogo, akaomba asikilize ile ya babu. Akaisikiliza mara mbili, jicho kwenye injini yake, akauliza mwishoni pale anasema nini.

Anasema chai yake imepoa.